Si Wanyika walioivamia Uingereza: Jeni, lugha na kitabu cha David Reich

Mwezi jana mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliniletea kurasa thelathini za tafsiri. Anatafsiri sura ya kitabu cha David Reich, Who We Are and How We Got Here, kilichochapishwa 2018, ile inayoeleza jinsi watu wa Ulaya ya leo walivyotokea. Tasnifu yake inahusu istilahi za sayansi ya jeni katika Kiswahili. Nilikaa na kurasa hizo jioni, chai mkononi, nikasoma kwa raha hadi ukurasa wa nne. Hapo nikakutana na sentensi hii: "Wanyika waliivamia Uingereza na kuwaangamiza wenyeji asilimia tisini."

Nilicheka hadi mke wangu akaja kuuliza kulikoni. Nikamsomea. Yeye ni mzaliwa wa Kaloleni, na hakucheka hata kidogo. "Wanyika gani hao?" akaniuliza.

Wasomaji wa Pwani wanajua kwa nini swali hilo lina uzito. Wanyika ni jina ambalo Wamijikenda walipachikwa na wengine, kwa maana ya watu wa porini, washenzi wa bara. Wenyewe walilikataa, na kufikia miaka ya 1940 wakawa wanajiita Mijikenda, yaani miji tisa. Mwanafunzi wangu hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akitafuta neno la ile nchi pana ya nyasi inayoanzia Ukraine na kwenda mashariki hadi Kazakhstan, akaona "nyika" linafaa. Na kweli linafaa. Sioni neno bora kuliko hilo. Kisha akafanya kama tunavyofanya sote bila kufikiri: akatia "wa-" mbele, na mahali pakageuka kuwa kabila.

Nimesoma sentensi ile mara nyingi tangu siku hiyo. Ina makosa manne: Wanyika, waliivamia, kuwaangamiza, na wenyeji. Ningependa kumlaumu kijana peke yake, lakini nilipokirudia kitabu chenyewe niligundua kwamba kinamshika mkono na kumpeleka huko. Reich ni mwangalifu sana na tarakimu. Na majina je? Hapo ndipo ninapogombana naye.

Tumpe kwanza haki yake. Kwa muda mrefu historia ya watu wa kaskazini-magharibi mwa Ulaya, yaani Waingereza, Waairishi, Waholanzi, watu wa Denmark na jirani zao, iliandikwa kwa kutazama vyungu, makaburi na maneno. Kila kizazi cha wasomi kilikuwa na nadharia yake. Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili mwishoni mwa miaka ya 1980 tulikuwa tukibishana hadi usiku: je, lugha za Kihindi-Kiulaya zilienezwa na wafugaji waliozika wafu wao chini ya vilima vya udongo, kama alivyodai Marija Gimbutas tangu miaka ya 1950, au na wakulima kutoka Anatolia, Uturuki ya leo, kama alivyoandika Colin Renfrew mwaka 1987? Mimi nilikuwa upande wa Renfrew. Wakulima walinipendeza zaidi kuliko wapanda farasi.

Halafu zikaja maabara. Reich na wenzake wa Harvard, pamoja na washindani wao wa Copenhagen, walijifunza kusoma DNA moja kwa moja kutoka mifupani, hasa kwenye ule mfupa mgumu unaolizunguka sikio la ndani. Mwaka 2015 makundi yote mawili yalichapisha matokeo yao katika jarida la Nature, na picha iliyotokea ilifanana. Mtu wa Ulaya wa leo ni mchanganyiko wa makundi matatu makubwa: wawindaji waliokaa humo baada ya barafu kuyeyuka, wakulima kutoka Anatolia walioanza kuingia yapata miaka 8,500 iliyopita, na wafugaji wa nyika zilizo kaskazini mwa Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, walioanza kutawanyika miaka 5,000 hivi iliyopita. Watu waliozikwa Ujerumani miaka 4,500 iliyopita, wale wa utamaduni wa vyungu vyenye alama za kamba, walikuwa na takriban robo tatu ya asili yao huko nyikani. Renfrew alishindwa, au angalau alipungukiwa. Na mimi pamoja naye.

Reich anaeleza haya kwa lugha nyepesi, na ana jambo moja ambalo ningependa lifundishwe katika kila shule ya sekondari nchini. Anasema miaka 10,000 iliyopita hapakuwa na watu unaoweza kuwaita Wazungu kwa maana tunayoifahamu leo. Kutoka Iran hadi bahari ya Atlantiki kulikuwa na makundi yasiyopungua manne, yaliyotofautiana kijeni kama wanavyotofautiana leo watu wa Ulaya na watu wa China. Wote hao walikuja kuchanganyika. Weupe tunaodhani ni wa tangu na tangu ulienea juzijuzi tu. Mifupa ya yule mtu wa Cheddar, iliyochimbuliwa mwaka 1903 katika pango la Gough, Somerset, ina miaka 10,000 hivi. DNA yake ilipochunguzwa, makadirio yaliyotangazwa 2018 yalionyesha kwamba inaelekea alikuwa na ngozi nyeusi na macho yenye rangi ya buluu au kijani. Kulikuwa na kelele London mwaka huo, nakumbuka. Watu walikasirikia fuvu.

(Neno letu "Mzungu", ambalo wengi hulihusisha na kuzunguka, huenda ni la haki kuliko majina yote waliyojipa wenyewe. Lakini tuendelee.)

Lazima pia nikiri dhambi yangu. Mwaka 2006 vilitoka vitabu viwili vilivyosomwa sana, kimoja cha Bryan Sykes na kingine cha Stephen Oppenheimer. Vyote vilichunguza jeni za watu walio hai na kudai kwamba Waingereza na Waairishi wengi ni wazao wa wawindaji waliojihifadhi kaskazini mwa Uhispania wakati wa barafu, na kwa hiyo ni ndugu wa Wabaski. Nilizipenda hoja hizo, nikazifundisha darasani kwa miaka kadhaa. Hazikuwa sahihi. Ukisoma jeni za walio hai unaona nani anafanana na nani. Huoni ni lini wala walipitia wapi. Mifupa ya kale ilipoanza kusomwa, jengo lote likaanguka. Basi wanafunzi wangu wa miaka hiyo, mlio walimu sasa, samahani.

Kwa hiyo siandiki kama mtu anayeipinga sayansi hii. Ugomvi wangu unaanzia pale ambapo takwimu inapewa jina la watu.

Chukua "Yamnaya", jina linalojaa katika kitabu cha Reich. Hakuna binadamu aliyewahi kusimama duniani akasema, "Mimi ni Myamnaya." Ni kivumishi cha Kirusi chenye maana ya "-a shimo", kwa sababu waliochimba makaburi yale walikuta maiti zimelazwa ndani ya mashimo. Vivyo hivyo wale wanaoitwa watu wa Bell Beaker, waliofika Uingereza miaka 4,400 hivi iliyopita. Hilo ni jina la chombo, kikombe cha udongo chenye umbo la kengele iliyopinduliwa. Hebu fikiria mwanaakiolojia wa mwaka 6000 akichimba kutoka Kisumu hadi Mombasa. Kila mahali anakuta sufuria za alumini. Anatuita Wasufuria. Mwanafunzi wake anaandika tasnifu kuhusu asili ya Wasufuria, na mjukuu wa mwanafunzi huyo anatafuta lugha yao, Kisufuria.

Unacheka, lakini ushahidi wa Ulaya wenyewe unaonyesha hatari hiyo. Utafiti mkubwa wa mwaka 2018, ambao maabara ya Reich ilishiriki, ulipima watu wa kale 400, zaidi ya nusu yao wakiwa wamezikwa kwa desturi za vikombe vile. Ikaonekana kwamba waliozikwa navyo huko Uhispania na Ureno hawakuwa na uhusiano wa karibu kijeni na waliozikwa navyo Ulaya ya kati. Huko kikombe kilisafiri, watu wakabaki majumbani mwao. Ila kilipovuka bahari kwenda Uingereza, kilivuka pamoja na watu. Kikombe kilekile, mambo mawili tofauti kabisa. Reich anayajua haya na ameyaandika vizuri. Lakini kurasa chache baadaye utawakuta "watu wa Beaker" wakitembea, wakiteka, wakioa, kana kwamba walikuwa taifa lenye bendera.

Sasa tuje kwenye ile asilimia tisini, kwa sababu ndiyo inayopendwa na magazeti, hili letu likiwemo. Utafiti huo ulisema kwamba katika karne chache baada ya mwaka 2450 K.K., takriban asilimia 90 ya hazina ya jeni ya Uingereza ilibadilika. Waliojenga Stonehenge walikuwa wazao wa wakulima waliotoka Anatolia. Mawe yale makubwa yalisimamishwa yapata mwaka 2500 K.K. Vizazi vichache baadaye wazao wao walikuwa sehemu ndogo tu ya wakazi wa kisiwa. (Tangu karne ya 18, William Stukeley alipoyahusisha mawe hayo na makuhani wa Waselti, watu wamekwenda pale wakiwa na kanzu nyeupe kuwaenzi mababu. Kumbe mawe ni ya watu wengine.)

Je, waliangamizwa? Mwanafunzi wangu aliandika "kuwaangamiza" kwa sababu neno la asili la kitabu, la kuchukua nafasi ya mwingine, lina ukali ndani yake. Lakini takwimu haisemi waliuawa. Kundi dogo lenye watoto wachache likiishi kando ya kundi kubwa lenye watoto wengi, baada ya vizazi ishirini jeni zake hufifia bila hata mkuki mmoja kurushwa. Maradhi pia yalikuwepo. Vijidudu vya tauni vimepatikana katika meno ya watu wa Ulaya na Asia walioishi zama hizo. Isitoshe, kuna jambo ambalo wasomaji wa kitabu hiki hulipita haraka: katika karne zilizotangulia ujio wa vikombe, watu wengi wa Uingereza walikuwa wakichoma maiti zao. Maiti iliyochomwa haiachi DNA ya kupimwa. Kama baadhi ya wakulima wale waliendelea na desturi yao huku wageni wakizika, basi tunaowapima zaidi ni wageni. Sisemi asilimia 90 ni uongo. Nasema ni asilimia 90 ya waliozikwa.

Na wao "wenyeji" walikuwa wenyeji wa lini? Walifika yapata mwaka 4000 K.K. wakawakuta wawindaji wa jamii ya yule mtu wa Cheddar, na baada ya muda wawindaji nao wakafifia. Mwenyeji wa jana ni mgeni wa juzi.

Mimi ni mtu wa lugha, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye lugha, maana hapo ndipo kitabu kinaporuka mto bila daraja. Reich anaona kwamba kwa kuwa wafugaji wa nyika walibadilisha jeni za Ulaya kiasi hicho, lazima walileta pia lugha za Kihindi-Kiulaya, ambazo ndani yake mna Kiingereza, Kiholanzi, Kiairishi na nyinginezo. Kwa jumla nakubali, na ushahidi wa maneno unamsaidia: lugha hizi zinashiriki maneno ya kale ya gurudumu na ekseli, na wafugaji wale walikuwa na mikokoteni. Aidha, si mtu wa kung'ang'ania. Alipoona watu wa kale wa Anatolia, waliozungumza Kihiti, hawakuwa na jeni za nyikani, alisema waziwazi kwamba chimbuko la kwanza kabisa la lugha hizi huenda lilikuwa kusini mwa milima ya Kaukasi. Huo ni uungwana wa kitaaluma.

Lakini angalia Wabaski. Kufikia mwaka 2000 K.K. hivi, kwa mujibu wa utafiti wa 2019, takriban asilimia 40 ya asili ya watu wa Uhispania na Ureno ilikuwa imebadilika, na upande wa kromosomu ya Y, ile inayopita kutoka baba hadi mwana, karibu wanaume wote walikuwa wa ukoo mpya. Wabaski wamo katika hesabu hiyo. Wanaume wao wana kromosomu ileile ya wageni, kwa wingi kama Waairishi. Hata hivyo lugha yao si ya Kihindi-Kiulaya. Haina ndugu anayejulikana duniani, na wataalamu wengi wanaiona kuwa mabaki ya lugha zilizotangulia ujio wa nyika. Akina baba walibadilika, lugha ikabaki.

Halafu angalia Ireland, ambako kisa kimepinda kinyume. Mwaka 2006, kwenye kisiwa cha Rathlin, nyuma ya baa moja, watu waliokuwa wakisawazisha ardhi walifukua mifupa. Wanaume watatu kati ya waliozikwa hapo miaka 4,000 hivi iliyopita walipimwa na watafiti wa Trinity College Dublin na wenzao wa Belfast, na matokeo yakatoka mwishoni mwa 2015. Walifanana na Waairishi, Waskoti na watu wa Wales wa leo. Mwanamke aliyezikwa Ballynahatty, karibu na Belfast, yapata miaka elfu moja kabla yao, hakufanana nao. Alikuwa na nywele nyeusi na macho ya kahawia, na walio karibu naye leo ni watu wa Sardinia na Uhispania. Kwa hiyo jeni za Ireland zilipata sura yake ya leo miaka 4,000 iliyopita na hazijabadilika sana. Na lugha? Wanaume wa Rathlin walizungumza nini, hakuna ajuaye. Kiselti huenda kilikuja nao, huenda kilikuja karne nyingi baadaye. Utafiti wa 2022 ulionyesha wimbi jingine la watu lililoingia kusini mwa Uingereza karibu na mwaka 1000 K.K., na wapo wanaokihusisha Kiselti na hilo. Baadaye Kiairishi kilitawala kisiwa kizima cha Ireland. Leo Mwairishi wa kawaida anaamka, anasali, anagombana na kuota kwa Kiingereza. Jeni ni zilezile za Rathlin. Kilichobadilika ni utawala, shule, soko na ile njaa kuu ya miaka ya 1840. Abasuba wa Ziwa Viktoria, wanaozungumza Kijaluo leo, wangeweza kumweleza Reich habari hii bila maabara.

Kuhusu hao "Waselti" wenyewe, mwaka 2015 ulichapishwa uchunguzi wa watu zaidi ya 2,000 wa vijijini Uingereza, ambao babu na bibi zao wote wanne walizaliwa karibu karibu. Walitafuta kundi la Waselti katika jeni, hawakulipata. Watu wa Cornwall walitofautiana na wa Wales, wa Wales wakatofautiana na wa Scotland. Wanormani walioiteka nchi mwaka 1066, wakajaza Kiingereza maelfu ya maneno ya Kifaransa, karibu hawaonekani kabisa. Uselti ni undugu wa lugha, uliogunduliwa na wasomi wa lugha, hasa Edward Lhuyd mwaka 1707. Haukuwahi kuwa ukoo.

Nikubali pia kwamba zipo nyakati ambapo watu na lugha walipanda mtumbwi mmoja. Kiingereza chenyewe kilikuja hivyo: katika makaburi ya mashariki mwa England ya karne za mwanzo za Waanglo-Saksoni, hadi asilimia 76 ya asili ya watu ilitoka ng'ambo, pande za Ujerumani ya kaskazini, Uholanzi na Denmark. Lakini hata humo, katika makaburi ya Kent ya karne ya 7, amekutwa msichana ambaye babu au bibi yake mmoja alitoka Afrika Magharibi. Alizikwa kama wenzake, kwa heshima zilezile. Sidhani alizungumza lugha nyingine isipokuwa ya jirani zake.

Jibu bora zaidi kwa kitabu hiki, kwa maoni yangu, limeandikwa na Reich mwenyewe, akiwa na Chapurukha Kusimba na wenzao wengi. Mwaka 2023 walichapisha DNA ya watu 80 waliozikwa Pwani yetu na jirani zake wa bara: Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara na kwingineko. Wengi waliishi kati ya mwaka 1250 na 1800. Ilionekana kwamba kufikia mwaka 1000 hivi, wanaume kutoka Asia, wengi wao Waajemi, walikuwa wameanza kuzaa na wanawake wa Kiafrika. Kromosomu ya Y ikawa kwa sehemu kubwa ya huko. Upande wa mama ukabaki wa hapa. Ni muundo uleule wa Uhispania: wanaume wageni, wanawake wenyeji. Basi kwa mantiki ya sura ile ya Ulaya, watu wa Mtwapa wangepaswa kuzungumza Kiajemi. Walizungumza Kiswahili, lugha ya Kibantu kuanzia mofimu ya kwanza hadi ya mwisho, ikiwa imeazima "bandari" na "nanga" kutoka kwa akina baba. Lugha ilikaa na waliolea watoto.

Hiyo ndiyo sababu nimekaza sauti leo. Matokeo yale yalipotangazwa nilisikia watu wazima, wasomi, wakisema "kumbe Waswahili ni Waajemi", na wengine wakajibu "ni uongo, Waswahili ni Waafrika". Pande zote mbili zilikuwa zimekubaliana kimyakimya juu ya kosa moja, kwamba kromosomu inaweza kumwambia mtu yeye ni nani. Na waliopimwa wengi ni waliozikwa karibu na misikiti, watu wenye uwezo. Mvuvi hakuulizwa. Katika nchi ambayo Mswahili bado anaweza kuulizwa na karani, "wewe ni kabila gani hasa?", hili si jambo la kuchezea.

Ulaya walikwisha kulichezea. Gustaf Kossinna, profesa wa Berlin aliyefariki 1931, alifundisha kwamba aina moja ya vyungu ni taifa moja, na taifa ni damu moja. Wanazi wakalichukua somo hilo wakaenda nalo vitani. Kabla yake, mwaka 1888, Max Müller, ambaye yeye mwenyewe alilieneza sana jina la Waarya, alikuwa ameonya kwamba ni jina la wasemaji wa lugha na halihusu mafuvu. Hakusikizwa. Reich anasimulia kwa uaminifu kwamba walipokuwa wakiandaa makala ya 2015, baadhi ya wanaakiolojia wa Kijerumani waliona inanukia Kossinna, wakaondoa majina yao. Rasimu ikarekebishwa. Naona marekebisho yale yalifika kwenye makala kuliko yalivyofika kwenye kitabu.

Turudi kwa tafsiri. Kiswahili kina maneno mengi ya undugu, na kila moja lina mzigo wake. "Damu" nimempiga marufuku kulitumia. Jeni haziko kwenye damu kuliko zilivyo kwenye jino, na neno lenyewe huchemka haraka. "Kabila" lina chifu, mipaka na kura ndani yake. "Mbari" siku hizi linatumika pia kwa maana ya rangi za watu. "Vinasaba", wanavyosema wenzetu wa Tanzania, ni neno zuri, ila ndani yake mna nasaba, na nasaba ni ya kutajwa kwa majina, fulani bin fulani. Hakuna anayejua jina la mtu wa Rathlin. Hata "DNA" yenyewe Kenya imekuwa neno la mahakama: ukilitaja matangani, watu wanadhani kuna mtoto amejitokeza kudai shamba.

Ugumu mkubwa uko kwenye ile dhana ya sehemu ya asili ambayo mtu ameipata kutoka kundi fulani la mababu. Kijana amependekeza "uzawa". Nimemkatalia, kwa kuwa uzawa una hati ya shamba mfukoni: mzawa ndiye mwenye nchi. Yeye naye amelikataa neno langu, "asili", akisema halihesabiki. Huwezi kuwa na asili tatu na nusu. Hapo ana hoja, na msomaji ataona kwamba humu nimelitumia hata hivyo, kwa kukosa jingine. Tumekubaliana kwa sasa kuepa nomino kabisa na kusema kwa kitenzi: robo tatu ya mababu wa watu hawa walitokea nyikani. Ni ndefu, lakini inaeleweka hata na mke wangu, ambaye sasa anazisoma kurasa hizi kabla yangu.

Alhamisi iliyopita kijana alirudi na sentensi yake mpya: "Katika karne chache baada ya mwaka 2450 K.K. watu wapya walihamia Uingereza, wengi wa mababu zao wakiwa walitokea nyikani, na katika mifupa iliyopimwa ya vizazi vilivyofuata ni takriban sehemu moja kwa kumi tu inayotokana na wakulima wa zamani." Ina urefu wa mara tatu ya ile ya kwanza. Analalamika kwamba kwa mwendo huu sura haitakwisha Desemba. Nimempa hadi Machi.